Anayekurukia, Mwache

Kinyozi alikuwa na domo, na hilo hata mama yake mzazi hakulificha. Ukishakaa kwenye kiti chake na kufungwa kitambaa shingoni, ungeelezwa namna ya kulea mke, kutibu jino, kujenga nyumba isiyopasuka ukuta na kufuga nyuki. Yeye mwenyewe hajaoa, amepanga chumba kimoja, na nyuki akiwaona hukimbia. Watu walimpenda hivyo hivyo. Maneno yalikuwa ya bure na kazi ya kunyoa alikuwa anaijua.

Kaka yake alikuwa mtu wa aina nyingine. Huyo alikuwa mhudumu wa maabara katika chuo kilichokuwa juu ya mtaa wao. Kazi yake kuosha vyupa, kukagua mitungi ya gesi, kuwafokea wanafunzi wanaochezea moto, na kila mvua kubwa zikianza, kwenda mwenyewe porini kuleta vyura wa somo la viumbe. Si hawa vyura wa kwenye karo. Hawa ni vinyama vinene kama mikate, mdomo mpana wa kuweza kumeza panya, ambao kiangazi kizima hujizika ardhini na kuibuka mvua ikinyesha. Madume yao hayangoji giza, hunguruma mchana kweupe kwa sauti nzito ya kukutetemesha kifua. Kaka aliwaita mafahali.

Mwaka huo mvua zilipoanza, kaka alikuwa hoi kitandani, homa inamtikisa mpaka chaga zinalia. Na chuo kilikuwa na mtihani. Nani mwingine wa kujitokeza kifua mbele?

"Niachie mimi, kaka. Chura ni chura tu."

"Hapo ndipo ninapoogopa," kaka alisema kutoka chini ya mablanketi. "Sikiliza, mdogo wangu, na leo usinijibu kwanza. Ukifika kwenye mashimo ya matofali utawakuta wa aina mbili. Anayekukimbia, mfuate. Anayekurukia, mwache."

"Si ndiyo rahisi huyo anayekuja mwenyewe?"

"Anakuja kwa sababu ana watoto. Mama akishataga huenda zake. Anayebaki ni baba, anakaa na viluwiluwi kwenye kidimbwi chenye maji ya vidole viwili. Jua likiyakausha, anachimba mfereji kwa miguu mpaka kwenye bwawa, maji yawafuate. Nimemwona kwa macho yangu. Ukimwondoa huyo, umewaondoa wote."

"Nimeelewa, kaka."

Shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. "Ameelewa huyo?" alisema. "Huyo huelewa akishaharibu."

Wakacheka wote watatu, hata mgonjwa.

Mashimo yenyewe yalikuwa nje ya mji, mahali ambapo zamani watu walichimba udongo wa kufyatulia matofali. Watengeneza matofali walihama, mashimo yakabaki, na mvua iliyageuza kuwa bwawa moja kubwa lililozungukwa na vidimbwi. Kinyozi alifika asubuhi, jua limeshatoka, akiwa na gunia, wavu wa kaka na viatu vya mpira vya kaka, ambavyo vilimpwaya. Kelele aliyoikuta ilimfanya asimame. Ilikuwa kama ng'ombe wamefichwa chini ya ardhi, kila mmoja anamwita mwenzake.

Alianza vizuri, hilo tumpe haki yake. Aliwafuata wanaokimbia. Wa kwanza alimpeleka kwenye matope ya magoti. Wa pili alimwacha na kiatu kimoja. Wa tatu alimshika kabisa, kwa mikono miwili, na chura akamteleza kama sabuni akarudi majini, naye Kinyozi akamfuata kwa kichwa. Alipoinuka ana tope mpaka masikioni, akasikia kitu kimemng'ang'ania kwenye ncha ya kiatu. Akatazama. Lilikuwa dume moja zito, mdomo umekibana kiatu, macho yamemtoka kwa hasira. Nyuma yake, kwenye kidimbwi kisichofika hata kifundo cha mguu, maji yalikuwa meusi kwa viluwiluwi.

Alikumbuka maneno ya kaka. Asije akasema baadaye kwamba alisahau, hakusahau hata neno moja. Alichosema moyoni ni kwamba mmoja si neno, na bwawa lina vyura wengi. Akafungua mdomo wa gunia, akautikisa mguu, na dume likaingia lenyewe. La pili lilimrukia kabla hajapiga hatua. Hakukuwa na kazi zaidi ya hiyo. Wewe unasogea kwenye kidimbwi, mwenye nyumba anatoka na mdomo wazi kuja kukufukuza, na gunia linamsubiri. Jua halijawa kali alikuwa njiani kurudi, gunia linacheza mgongoni.

Pale chuoni mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alichungulia ndani ya tangi akapiga makofi.

"Hata kaka yako hajawahi kutuletea wakubwa hivi!"

Basi tena. Sifa kwa Kinyozi zilikuwa kama maji kwa mchele, zilimvimbisha. Darasa lingine lilipohitaji wengine, alikwenda. Chuo cha jirani kilipoomba, alikwenda pia. Alirudi na kurudi mpaka pale bwawani pakawa hapana tena wa kumrukia wala wa kunguruma.

Kaka, aliyekuwa bado amelala, alisikia sifa hizo kwa mkewe, akamwita.

"Ni wale wa kukimbia tu, eti?"

"Wa kukimbia tu, kaka. Tena wamenikimbiza mimi, si mimi niliyewakimbiza."

Kaka akacheka, akamwombea kheri. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza roho kumsuta, lakini kidogo, kama kokoto kwenye kiatu. Mtu anaweza kutembea nayo.

Kokoto iligeuka jiwe siku alipokwenda mara ya mwisho, akakuta vidimbwi vimenywea. Mvua zilikuwa zimepumzika na jua limefanya kazi yake. Katika kimoja, viluwiluwi walikuwa wamebanana kwenye maji ya kujaza kikombe, wanapindukiana, wa juu wameshaanza kukauka mgongo. Bwawa lilikuwa hapo hapo, hatua chache tu. Kinyozi alipiga magoti akachimba mfereji kwa vidole, kisha kwa kisigino, kisha kwa mti. Udongo ule ni wa matofali, mgumu kama matofali yenyewe, na yeye hakujua pa kuanzia wala upande wenye mteremko. Maji machache yaliyokuwamo yakamiminikia kwenye mfereji wake na kunywewa na ardhi. Aliwachota wengine kwa viganja akawatupa bwawani, hakujua kama walipona. Akajiambia atarudi jioni na jembe. Jioni kibanda chake cha kunyolea kilijaa wateja, na maneno yalikuwa matamu. Aliporudi asubuhi alikuta kitu cheusi kimeganda chini ya kila kidimbwi, kama ukoko wa sufuria lililoungua. Alikaa chini akalia, mwanaume mzima, halafu akaenda kufungua kibanda kwa sababu watu walikuwa wanangoja kunyolewa.

Hakumwambia mtu.

Homa ya kaka iliondoka, lakini haikuondoka mikono mitupu. Ilimchukulia masikio, si yote, bali kwa namna ya ajabu. Sauti nyembamba alizisikia: mkewe, watoto wa jirani, kijiko kikianguka. Sauti nzito zilimfikia kama mtu anaongea ndani ya pipa la maji, na nyingine hazikumfika kabisa. Wanaume aliwasoma midomo. Daktari wa masikio, mwanamke, ambaye kwa bahati alimsikia vizuri, alimwambia avute subira: huenda zikarudi, na zile nzito kabisa ndizo huenda zikachelewa.

Chuo kilimvumilia kiangazi kizima. Lakini mtungi wa gesi ukivuma kwa sauti nzito na mhudumu hasikii, nani atawajibika? Mkuu wa maabara alimwambia hivyo kwa upole. Kaka hakubishana.

"Nipe mpaka mvua zinyeshe," alimjibu. "Nitakwenda bwawani. Hakuna sauti nzito kuliko ya wale. Nikiwasikia, nimepona, narudi kazini. Nisipowasikia, nitaleta funguo mwenyewe, msihangaike kuniandikia barua."

Aliyasema hayo nyumbani pia, wakati wa chakula, mbele ya mkewe na mdogo wake. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akasema Mungu ni mkubwa. Kinyozi tonge lilimkwama kooni, akapigwa mgongo na kupewa maji.

"Taratibu, shemeji," mke wa kaka alimwambia. "Chakula hakina miguu."

Kuanzia siku hiyo Kinyozi alikuwa mtu pekee mjini anayeomba mvua isinyeshe. Mvua haikumsikiliza. Ilinyesha usiku kucha, mabati yakapigwa ngoma mpaka alfajiri, na asubuhi kaka alikuwa mlangoni kwake, amevaa viatu vyake vya mpira, anatabasamu kama mtoto anayepelekwa safari.

Walikwenda. Njia nzima Kinyozi alipanga kusema. Kwenye daraja atasema. Kwenye mti ulioanguka atasema. Wakafika.

Bwawa lilikuwa limejaa tena. Kwenye majani vyura wadogo walikuwa wanapiga filimbi zao, tii, tii, tii, na kaka akanyoosha kidole juu kwa furaha. "Hao nawasikia!" Akatega sikio la kulia. Akageuza kichwa, akatega la kushoto. Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kofia, na Kinyozi aliona jinsi uso wa mtu unavyoweza kupoteza tumaini polepole, kutoka juu kwenda chini.

Kaka akafumbua macho. "Na wale wakubwa? Wananguruma?"

Neno moja tu lilihitajika. Hapana. Lakini nyuma ya hapana kulikuwa na kwa nini, na nyuma ya kwa nini kulikuwa na gunia, na nyuma ya gunia kulikuwa na ule ukoko mweusi. Mwenye domo akakosa domo. Akatikisa kichwa, juu na chini: ndiyo.

"Wengi?"

Akatikisa tena.

Kaka akaketi kwenye majani mabichi. "Basi," alisema. "Basi, mdogo wangu. Tumekwisha."

Wala hakulia. Alimshika Kinyozi begani wakati wa kuinuka, na njiani akamwambia jambo lililomuumiza kuliko kofi: kwamba atamwombea yeye ile nafasi pale maabara, kwa kuwa mkuu alishamsifu, na kazi ibaki kwenye familia. Kinyozi akasema asante. Siku hizo alikuwa tayari kusema chochote isipokuwa lile moja.

Haikuchukua muda akagundua jambo la kutisha zaidi: kaka yake alikuwa anasikia. Kinyozi alimwita siku moja kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti yake nene, na kaka akaitika. Siku nyingine mteja mmoja mchoma mkaa, mwenye sauti ya kutoka tumboni, alitoa mzaha kibandani, na kaka akacheka kabla ya wengine.

"Umemsikia!" Kinyozi alisema.

"Nimemwona mdomo kwenye kioo," kaka akajibu. "Nabahatisha tu siku hizi. Ukweli wangu niliupata kule bwawani."

Mtu akishajihukumu mwenyewe hata umletee shahidi gani hamsikilizi. Na shahidi aliyemtia hatiani alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama mmoja, kwa kichwa kilichotikiswa mara mbili. Kinyozi alikonda. Wateja walimuuliza kama anaumwa, akasema meno. Alikata mtu sikio, kidogo tu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ajifunze kazi. Akilala alisikia ule mngurumo wa asubuhi ya kwanza, kila mmoja anamwita mwenzake, na hakuna aliyekuwa amebaki wa kuitikia.

Asubuhi ya kurudisha funguo, mwezi wake wa mwisho wa kazi ulipokwisha, kaka alikuja kunyolewa ndevu. Hakutaka kwenda chuoni kuaga akiwa na sura ya mtu aliyeshindwa. Shemeji alikuja naye, akaketi kwenye benchi na shati lililopigwa pasi limetundikwa kwenye kidole chake ili lisijikunje. Funguo za maabara zilikuwa mfukoni mwa kaka. Kila alipojisogeza kwenye kiti zililia.

Kinyozi alimfunga kitambaa. Akapaka povu upande mmoja, akanyoa shavu la kulia, polepole, akimwangalia kaka yake kwenye kioo. Kaka naye alikuwa anaangalia midomo ya mdogo wake, kwa mazoea, akingoja hadithi ya siku hiyo.

"Leo kimya?" kaka akauliza. "Au unaogopa nitakuachia kiti cha maabara chenye kunguni?"

Kinyozi alifungua mdomo aseme, akajijua. Kwa maneno angezunguka. Angeanza na mvua, angeingia kwenye mtihani, angemalizia na mkuu wa maabara na miwani yake, na lile lenyewe lingebaki halijasemwa. Maneno yalikuwa yameshamdanganyia vya kutosha.

Akachukua taulo la moto kwenye beseni, akalikamua, akalilaza juu ya uso mzima wa kaka yake, pua tu ikabaki nje. Macho yakafunikwa. Kioo hakikuwa na kazi tena. Akasogea nyuma ya kiti, karibu na ukuta. Shemeji alimtazama akishangaa. Kinyozi akavuta pumzi mpaka tumboni, akajua kabisa anachokifanya na kitakachofuata, akanguruma.

Alinguruma kama wao. Mngurumo mzito, wa chini, wenye kupanda kidogo mwishoni, ule ule uliomkosesha usingizi. Chupa za mafuta kwenye rafu zilitetemeka.

Mikono ya kaka iliyokuwa imelala kwenye kiti ilikaza vidole.

"Nani ameingiza fahali humu ndani?" aliuliza kutoka chini ya taulo.

Shemeji akasimama, shati likaanguka sakafuni kwenye nywele za watu. Kinyozi akanguruma tena, na safari hii sauti ilikatika katikati kwa sababu alikuwa analia. Kaka akalivuta taulo. Uso wake ulikuwa unafuka mvuke, nusu umenyolewa, nusu una povu, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Nimesikia! Mke wangu, nimesikia! Tena mpaka hapa," akajipiga kifua. "Si mdomo, si kioo. Nimesikia mimi mwenyewe!"

Mkewe alimkumbatia povu na yote, akawa anacheka na kumpiga mgongo, Mungu wangu, Mungu wangu. Kwa muda huo mfupi Kinyozi alifurahi kweli kweli. Wala usimnyime furaha hiyo, ilikuwa yake ya mwisho kwa siku nyingi.

Kisha kaka akaacha kucheka. Alimtoa mkewe taratibu. Akatazama kwenye kioo, pale nyuma, ukutani.

"Kule bwawani," alisema, "ulisema wananguruma."

"Hawakuwepo, kaka."

"Wako wapi?"

"Niliwachukua mimi. Mwaka ule ulipoumwa. Walikuwa wananirukia, ilikuwa rahisi. Watoto wao walikaukia pale pale, nilijaribu kuchimba, sikuweza."

"Wote?"

"Wote."

Kaka alikaa akitazama mikono yake juu ya kitambaa. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi, na kaka akageuza kichwa kidogo, akiisikia.

"Na siku zote hizi ulikuwa unaona nasikia," alisema.

Kinyozi alijua hapo ndipo penyewe. Ya vyura angeweza kuyaita ujinga, na ile ndiyo ya bwawani angeweza kuiita woga. Hii haikuwa na jina lingine.

"Nilikuwa naona," alijibu.

Alisubiri kofi. Angelishukuru. Kaka alifungua kitambaa shingoni, akakikung'uta, akakikunja mara nne kama anavyokunja kila kitu, akakiweka juu ya kiti. Akaokota shati. Halafu akatoka nje vile vile, shavu moja safi na moja jeupe kwa povu, watu wakimpisha na kumshangaa, akavuka barabara kuelekea kibanda cha kinyozi mwingine, yeye ambaye tangu aote ndevu hajawahi kuguswa na wembe wa mtu mwingine isipokuwa mdogo wake.

Shemeji alibaki mlangoni kidogo. Alimwangalia Kinyozi juu mpaka chini, akitafuta la kumwambia.

"Sema basi," alisema mwishowe. "Si una maneno wewe?"

Shemeji akamfuata mumewe.

Kinyozi alisimama na wembe mkononi, sabuni inakaukia kwenye vidole. Upande wa pili kaka alikuwa ameshakaa, uso ameuelekeza barabarani. Yule kinyozi mwenzake, mtu wa sauti nzito, alikuwa ndani kabisa kwenye giza la kibanda chake anatafuta taulo, akauliza kwa kupaza sauti kama mzee anataka ndevu zote zitoke au abakishiwe kidogo.

"Zote," kaka alijibu papo hapo, bila kugeuka.